Uliza Watafiti: umri wa mbu, slaidi isiyo na kimelea na samaki wa vilindini

Barua sita za mwezi huu zimetoka Muheza, Korogwe, Pangani, Tanga mjini, Mkinga na Kigombe. Kila moja ina jambo lake, lakini ukizisoma kwa pamoja zinauliza kitu kimoja: mtafiti amejuaje hilo analosema, na anaweza kukosea wapi? Hakuna swali tunalolipenda kuliko hilo. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha yawe marefu pale jambo lenyewe linapodai urefu.

Wataalamu walikuja kijijini kwetu wakatega mbu kwa mitego ya taa, wakasema wanataka kupima umri wao. Ng'ombe tunamjua umri kwa meno. Mbu je? Na umri wake unatusaidia nini sisi wakulima?
*Mkulima wa michungwa, Muheza*

Ndugu mkulima, madume tuyaweke kando, maana hayanyonyi damu. Jike la mbu wa malaria likishiba hukaa siku mbili au tatu likiivisha mayai, hutaga, kisha hurudi kutafuta damu nyingine. Mtafiti hawezi kuhesabu siku za jike huyo, ila anaweza kujua kama amewahi kutaga. Alama iko kwenye ovari. Imezungukwa na virija vya hewa vyembamba mno, na kwa jike ambaye hajawahi kutaga ncha za virija hivyo zimejisokota kama uzi uliokazwa. Mayai yanapokua ovari hutanuka, misokoto ikafumuka, na hata mayai yakishatoka haijisokoti tena. Njia hii inajulikana kwa jina la T. S. Detinova, mtafiti wa Kisovieti.

Kazi yenyewe inataka mkono mtulivu. Mbu huuliwa kwa baridi ya friza, akalazwa juu ya slaidi penye tone la maji yaliyokenekwa, akang'olewa miguu na mbawa. Sindano moja hubana kifua. Nyingine huchana kidogo pande zote mbili karibu na ncha ya tumbo, kisha huvuta ncha hiyo taratibu mpaka ovari mbili zitoke. Huhamishiwa kwenye tone jipya la maji na kuachwa zikauke kabisa, ndipo hutazamwa kwa hadubini. Virija vyenye hewa huonekana vyeusi, na hapo misokoto husomeka bila shida.

Yanayoharibu kazi yanajulikana. Ukitumia maji ya chumvi badala ya yaliyokenekwa, ovari ikikauka utaona fuwele za chumvi zimefunika kila kitu. Ukimchukua mbu aliyeshiba damu nusu tumbo au mwenye mayai yaliyokwisha kukua, misokoto itakuwa imefumuka kwa sababu ya mayai hayo, nawe utamhesabu kuwa amekwisha kutaga kumbe bado. Mbu wa namna hiyo hutengwa, hasomwi. Na ukivuta kwa pupa, ovari hukatikia ndani.

Sasa faida yake. Kimelea cha malaria hakimwambukizi mtu siku ileile mbu anapokinywa. Lazima kwanza kikue ndani ya mbu na kufika kwenye tezi za mate, na hilo huchukua siku kumi hivi kwa joto la tambarare zenu. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo mbu kijana ni kero tu, anayeleta ugonjwa ni mbu mzee.

Tufanye hesabu. Tuseme kati ya mbu 100 waliopasuliwa, 64 wamewahi kutaga, na mzunguko wa damu hadi mayai ni siku 3. Basi uwezekano wa mbu kuishi siku tatu ni 0.64, na wa kuishi siku moja ni kipeuo cha tatu cha 0.64, yaani 0.86. Kuishi siku kumi mfululizo ni 0.86 ikijizidisha mara kumi: karibu 0.23. Mbu 23 katika kila 100 wanafikia umri wa hatari. Sasa tuseme vyandarua vyenye dawa vimegawiwa, na waliowahi kutaga wameshuka kutoka 64 hadi 40. Rudia hesabu na utapata mbu 5 tu katika 100. Tena hao watano, wakishafika, wastani wa siku zinazowabakia duniani ni 3.3 badala ya 6.7. Ukiunganisha mambo hayo mawili, uwezo wa mbu kueneza malaria umepungua karibu mara kumi, hata kama idadi ya mbu unaowasikia wakilia sikioni haijabadilika sana. Ndiyo maana tunawasihi wanaosema "chandarua hakifai, mbu bado wapo" watazame upya wanachokipima. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Ronald Ross mwaka 1911, na George Macdonald ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1950 kwamba umri wa mbu una uzito kuliko wingi wake.

Joto nalo linaingia. Kanuni inayotumika sana kwa kimelea cha falsiparamu, aina moja ya vimelea vya malaria, ni kugawanya 111 kwa joto la hewa baada ya kulitoa 16. Kwa nyuzi 27 unapata siku 10. Kwa nyuzi 20 unapata siku 28, na ni mbu wachache mno wanaoishi siku 28. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila unapopanda mita 1,000, basi ukitoka Muheza mjini kupanda Amani utaelewa kwa nini malaria ya mlimani haijawahi kuwa sawa na ya bondeni.

Tahadhari mbili kwa anayetaka kuzitumia namba hizi. Kwanza, hesabu inadai idadi ya mbu iwe imetulia. Mvua za masika zikianza, mbu vijana huibuka kwa maelfu na asilimia ya waliotaga huporomoka, ingawa hakuna aliyekufa mapema. Anayepima wiki hiyo peke yake atajidanganya. Pili, mbu 100 ni wachache. Ukipata 64 kati ya 100, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 55 na 73, na kwa kuwa tunajizidisha mara kumi, jibu la mwisho linaweza kuwa mbu 14 au mbu 35. Ndiyo maana mitego ile inarudi kijijini mwezi baada ya mwezi.

Na ujue wilaya yako ina heshima yake katika jambo hili. Amani ilianza kuwa kituo cha utafiti mwaka 1902, na leo kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo Muheza. Mwaka 1965 M. T. Gillies na T. J. Wilkes walichapisha uchunguzi wa umri wa mbu wa kaskazini mashariki mwa Tanzania, na hadi leo wanaofanya hesabu za malaria popote duniani wanaurejea.

Mwanangu wa miaka minne alimaliza dozi ya mseto. Wiki mbili baadaye alipata mafua na homa kidogo, zahanati wakampima kwa kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea. Hospitali wakatazama kwa hadubini wakasema hana malaria. Nimwamini nani?
*Mama, Korogwe*

Pole, mama. Wote wawili wamekwambia kweli, ila wamepima vitu viwili tofauti.

Kipimo cha haraka hakioni kimelea. Kinanasa protini inayoitwa HRP2, ambayo kimelea cha falsiparamu huimwaga ndani ya damu. Dawa ikishaua vimelea, protini hiyo huendelea kuzunguka kwa wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Kwa hiyo mistari miwili wiki mbili baada ya dozi inaweza kuwa mabaki ya malaria iliyokwisha. Hadubini inatafuta kimelea chenyewe. Kwa mtoto aliyetibiwa karibuni, slaidi iliyosomwa vizuri ndiyo yenye neno la mwisho, na kipimo cha haraka hakifai kutumika kuangalia kama amepona.

Ukienda kituoni tena ndani ya mwezi mmoja, jambo la kwanza kusema ni tarehe aliyomeza kidonge cha mwisho. Usimwanzishie dozi nyingine ya mseto kwa uamuzi wa nyumbani. Homa ikiendelea arudi apimwe tena, maana homa ya mtoto ina sababu nyingi na slaidi moja haizimalizi. Na ukiona degedege, kutapika kila anachopewa, kushindwa kunywa, kulegea au kupumua kwa shida, usisubiri majibu ya kipimo chochote, mpeleke saa hiyohiyo.

Kipimo cha haraka kinaweza pia kukosea upande wa pili, kikasema hakuna wakati malaria ipo. Mara nyingi kosa ni la matumizi: damu chini ya mikrolita 5, matone ya bafa (kimiminika cha kipimo) pungufu, pakiti zilizokaa kwenye chumba chenye joto kali. Kusoma mapema kabla ya dakika zilizoandikwa huficha mstari, na kusoma baada ya nusu saa huweza kuzusha mstari usiokuwepo. Katika nchi za Pembe ya Afrika, hasa Eritrea na Ethiopia, wamekuta pia vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, kipimo hiki hakiwezi kuviona kabisa. Watafiti wetu wanalifuatilia jambo hilo kwa karibu, na wana haki ya kulifuatilia.

Msimamizi wetu anataka tusome sehemu 100 za tone nene kabla ya kuandika kuwa hakuna kimelea. Foleni ni ndefu. Je, 50 hazitoshi? Pia mafuta ya lenzi ya 100 yanapoisha, mwenzangu hutumia mafuta ya nazi. Ni sawa?
*Mtaalamu wa maabara, Pangani*

Hazitoshi, na sababu yake unaweza kuihesabu mwenyewe kwenye karatasi.

Tone nene zuri, mikrolita 6 zilizotandazwa kwenye duara la milimita 12, huonyesha chembe nyeupe za damu 10 hadi 20 kwa kila sehemu (eneo unaloliona kwa mara moja kwenye hadubini) ukitumia lenzi ya 100. Tukichukua kuwa mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000, basi sehemu moja ni kama mikrolita 0.002 za damu. Sehemu 50 ni mikrolita 0.1, sehemu 100 ni 0.2. Sasa tuseme mgonjwa ana vimelea 10 kwa mikrolita. Katika sehemu 50 unatarajia kukutana na kimelea kimoja, katika 100 unatarajia viwili. Lakini vimelea havijipangi kwa usawa. Hesabu ya Poisson, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1837, inasema ukitarajia kimoja, uwezekano wa kutokiona hata kimoja ni asilimia 37. Ukitarajia viwili, ni asilimia 14. Kwa mgonjwa mwenye vimelea 20, sehemu 50 zitamkosa katika asilimia 14 na sehemu 100 zitamkosa chini ya asilimia 2. Na hapo tumewapa vimelea heshima wasiyostahili, kwani baadhi husombwa na maji wakati wa kupaka rangi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu.

Angalia chembe nyeupe kabla ya kuanza kuhesabu sehemu. Tone likiwa jepesi na kila sehemu ina chembe 5 tu, sehemu zako 100 ni mikrolita 0.06 za damu. Msimamizi ameridhika, mgonjwa amepunjika.

Ukipata vimelea, hesabu yake unaijua: vimelea mara 8,000, gawanya kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Ukifika chembe 200 na vimelea havijafika 100, endelea mpaka chembe 500. Mgonjwa mwenye vimelea 90 kwa chembe 500 ana vimelea 1,440 kwa mikrolita.

Mafuta ya nazi hapana. Kazi ya mafuta ya lenzi ya 100 ni kuzuia mwanga usipinde unapotoka kwenye kioo cha slaidi. Kioo hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.52 na mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hii ni 1.515, hivyo mwanga unapita kama vile hakuna mpaka. Hewa ni 1.0. Mafuta ya nazi ni 1.45 hivi: yanaonekana yanasaidia, ila picha hupoteza ukali pembezoni, na rangi hujitokeza kwenye kingo za kimelea. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kuwa kitu kidogo kabisa kinachoweza kutenganishwa na jirani yake ni urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa mara mbili ya namba iliyochorwa ubavuni mwa lenzi. Kwa lenzi ya 100 yenye 1.25 na mwanga wa kijani wa nanomita 550, unapata nanomita 220. Kwa lenzi ya 40 yenye 0.65 unapata 423. Nukta ya kiini cha kimelea kichanga ni ndogo mno kuliko chembe nyekundu. Huna nafasi ya kupoteza. Zaidi ya hayo mafuta ya kupikia huchacha, hugeuka gundi na kuingia kwenye ukingo wa lenzi, na hapo umepoteza lenzi nzima kwa kuokoa chupa ndogo ya mafuta. Kama chupa imeisha, acha kusoma na uombe kituo jirani.

Na kwa kuwa uko pwani: rangi ya Giemsa inataka maji ya pH 7.2. Maji ya visima vya matumbawe yana chokaa na chumvi, usiyatumie hivihivi, tumia bafa. Maji yakiwa na asidi slaidi huwa nyekundu na viini havionekani vizuri, yakiwa na chokaa nyingi kila kitu hugeuka bluu ya kiza. Changanya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, au asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60 kama una nafasi, na mchanganyiko uliobaki mwaga, kesho hautafanya kazi. Tone jembamba ligandishwe kwa methanoli, tone nene kamwe, kwani chembe zake nyekundu lazima zipasuke. Hata kulikausha tone nene juani au juu ya jiko huligandisha bila methanoli. Tone moja la maji likiingia ndani ya chupa ya Giemsa ghafi, chupa yote imeharibika.

Shikamooni. Mwalimu anasema watafiti wa hisabati halisi hawana maabara. Wanafanya utafiti wa nini wakati hisabati yote iko kwenye vitabu? Kompyuta ikijaribu namba milioni na kanuni ikakubali, si inatosha?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga*

Marahaba, mwanetu. Kwa mtafiti wa mbu, majaribio milioni yangekuwa utajiri. Kwa mwanahisabati si kitu, na ushahidi upo.

Mwaka 1919 George Pólya alitoa dhana rahisi. Chukua kila namba na uhesabu vigawo vyake tasa, ukirudia vinavyojirudia. Namba 8 ni 2×2×2, ina vitatu, hivyo ni ya kundi la witiri. Namba 6 ni 2×3, ina viwili, ni ya kundi la shufwa. Namba 1 haina hata kimoja, inahesabiwa shufwa. Pólya alidhani kuwa ukihesabu kutoka 1 na kusimama popote upendapo, mradi umefika 2, kundi la witiri halitazidiwa na la shufwa. Jaribu hadi 10: witiri ni 2, 3, 5, 7, 8, na shufwa ni 1, 4, 6, 9, 10. Tano kwa tano, dhana imesimama. Jaribu hadi 1,000, inasimama. Hadi milioni, inasimama. Hadi milioni mia tisa, inasimama. Mwaka 1958 C. B. Haselgrove alithibitisha kwamba lazima ianguke mahali fulani, bila kuitaja namba yenyewe. Mwaka 1980 ikajulikana mahali pa kwanza inapoanguka: 906,150,257.

Ndiyo maana dhana ya Goldbach ya mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili, bado ni utafiti, ingawa kompyuta zimeikagua hadi 4 ikifuatiwa na sufuri 18. Hakuna aliyeithibitisha.

Anza na hii leo jioni. Zidisha n kwa n, ongeza n, ongeza 41. Kwa n ya 0 hadi 39 utapata namba tasa kila mara. Kabla ya kujaribu 40, jiulize kwa herufi tupu kama inawezekana kuwa tasa: 40×40 + 40 + 41 ni 40×41 + 41, yaani 41×41. Umeona mahali kanuni inapovunjika bila kukokotoa hata namba moja kubwa. Hiyo ndiyo kazi yao, na daftari na kalamu ndiyo maabara yenyewe.

Jedwali la maji hupangwa mwaka mzima kabla, wazee wetu wanahesabu kwa mwezi. Nani sahihi? Na mbona bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo?
*Nahodha, Mkinga*

Nahodha, wazee wako sahihi na jedwali linafuata hesabu yao, ila limeongeza sauti nyingine. Mwezi huvuta maji yajae kila baada ya saa 12 na dakika 25, jua kila baada ya saa 12 kamili. Mawimbi haya mawili hukutana yakasaidiana kila baada ya siku 14.77, ambayo ni nusu ya mwezi wa siku 29.53. Hapo ni bamvua. Yakipingana ni maji mafu. William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba ukipima maji kila saa unaweza kuyatenganisha mawimbi haya na mengine mengi madogo, kisha kuyajumlisha tena kwa tarehe yoyote ijayo. Bamvua huchelewa kwa sababu bahari ni nzito na ina msuguano, haimfuati mwezi papo hapo.

Jedwali haliujui upepo wala mgandamizo wa hewa. Mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali 10, maji hupanda sentimita 10 hivi, na kusi ikivuma siku kadhaa huongeza ya kwake. Kwa kupita mlango wa mwamba tumia kanuni ya kumi na mbili: kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, ya tano 50, ya sita 25. Anayekawia saa moja katikati ya kupwa anapoteza mara tatu ya anayekawia mwanzoni.

Silikanti akinasa kwenye jarife tufanye nini? Wengine wanasema ni bahati, wengine ni kesi.
*Mvuvi, Kigombe*

Kaka, silikanti, samaki huyu wa vilindini, amelindwa kisheria, na maji yenu ni sehemu ya hifadhi iliyotengwa kwa ajili yake mwaka 2009. Haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Tangu mwaka 2003 wamenaswa wengi pwani ya Tanga, zaidi na majarife ya papa yanayoshushwa kilindini, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa silikanti wa kwetu ni jamii iliyojitenga na wale wa Komoro. Tukiwamaliza hawa, hakuna wengine wa kuja kujaza nafasi.

Uzito wa jambo hilo ulijulikana zaidi mwaka 2021. Zamani magamba yake yalisomwa kwa mwanga wa kawaida, pete zikahesabiwa, ikadhaniwa anaishi miaka 20 hivi. Watafiti wa Ufaransa waliyatazama magamba ya silikanti 27 wa Komoro kwa mwanga uliochujwa utikisike upande mmoja tu, wakaona pete nyembamba zilizokuwa hazionekani, tano kwa kila pete moja ya zamani. Kwa hesabu hiyo samaki huyu anaweza kukaribia miaka 100, hazai mpaka apite 40, na mimba yake huchukua miaka mitano. Jike mmoja mwenye mimba akifia wavuni, ni hasara ya karne.

Akiwa hai, mwachie palepale baharini haraka iwezekanavyo, usimpandishe chomboni kwa picha. Damu yake imezoea maji ya nyuzi 15 hivi, kwenye maji ya juu yenye joto hukosa pumzi. Hana kibofu cha hewa cha kupasuka, ana mafuta mahali pake, kwa hiyo kinachomuua ni joto na uchovu, na kila dakika ina maana. Kata nyavu kama ni lazima.

Akiwa amekufa, toa taarifa kwa hifadhi au ofisa uvuvi siku hiyohiyo. Andika saa, mahali, kina na ukubwa wa macho ya jarife. Piga picha ubavu wa kulia na wa kushoto, kwani madoa yake meupe hutofautiana kwa kila samaki na ndiyo yanayomtambulisha. Mweke kwenye barafu, usimpasue tumbo, maana ndani panaweza kuwa na watoto.

Kwa ofisa atakayempokea: kipande cha nyama kama punje ya maharage kiingie kwenye ethanoli ya asilimia 95, ujazo wa ethanoli uwe mara kumi ya nyama, na ibadilishwe baada ya saa 24 kwa sababu maji ya nyama huipunguza nguvu. Kipande hicho kitolewe kabla mwili haujaguswa na formalini, kwani formalini hufunga vinasaba visisomeke tena. Mwili wenyewe ndio uhifadhiwe kwa formalini, sehemu moja ya ile ya dukani kwa tisa za maji, na idungwe ndani ya tumbo na misuli minene. Ukiuzamisha tu, nje utakauka imara na ndani utaoza.